Jinsi ya Kuchagua Kompyuta Mpakato Nyepesi kwa Kazi za Safarini: Mwongozo Kamili

Kompyuta mpakato ya gramu 900 hukushawishi pale pale unapoishika. Unaiinua kwa vidole viwili, unaifungua, unaifunga, na moyo unakwambia hii ndiyo. Lakini uzito haupungui kwa miujiza. Kila gramu iliyoondoka imetoka mahali fulani: kwenye betri, kwenye feni, kwenye ugumu wa mfuniko, kwenye matundu ya pembeni, au mfukoni mwako, maana malighafi iliyo nyepesi na imara kwa pamoja ni ghali. Kazi yako kama mnunuzi ni kuuliza gramu hizo zimetoka wapi, kisha uamue kama kazi zako zinaweza kuvumilia pengo hilo.

Mwongozo huu ni wa watu ambao kazi yao ni maandishi, barua pepe, lahajedwali, mikutano ya video, utafiti kwenye kivinjari, programu za uhasibu, uandishi wa programu na uhariri mdogo wa picha. Anayehariri video ndefu au kuchora michoro mizito ya 3D kila siku anahitaji mashine yenye feni kubwa na kadi ya michoro. Akilazimisha kilo moja atajuta.

Hatua ya 1: Andika siku yako ngumu kuliko zote

Kabla hujaangalia mashine yoyote, chukua karatasi uandike siku moja ya kazi, ile ngumu kabisa, si ya kawaida. Unakaa saa ngapi bila kuona soketi? Programu zipi zinakuwa wazi kwa wakati mmoja? Unaandika ukiwa mezani, mapajani, au kwenye kiti cha basi ambapo aliye mbele yako amelaza kiti chake? Unachomeka nini: projekta, flashi, kadi ya kamera, waya wa mtandao? Je, kuna programu ya ofisini ambayo huwezi kuikwepa na ni ya Windows tu?

Hiyo karatasi itunze. Ndiyo itakayokuokoa muuzaji atakapoanza kukusifia vitu usivyovihitaji.

Hatua ya 2: Pima begi, si kompyuta peke yake

Uzito ulioandikwa kwenye tangazo ni wa kompyuta tupu, na mara nyingi ni wa toleo jepesi kuliko yote katika familia yake: betri ndogo, skrini isiyo ya kugusa. Ndiyo maana tangazo huandika "kuanzia". Wewe unabeba kompyuta, chaja, waya, kava, kipanya, adapta ya matundu na pengine pawabenki.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mashine ya kwanza ina gramu 950, lakini betri yake haifiki jioni na ina tundu la aina moja tu. Ongeza pawabenki ya gramu 420, adapta ya gramu 80 na chaja ya gramu 130: jumla gramu 1,580. Mashine ya pili ina gramu 1,240, betri inamaliza siku, na unabeba chaja ileile tu: gramu 1,370. Ile "nzito" imekuwa nyepesi kwa zaidi ya gramu 200 begani, na vitu vya kusahau mezani vimepungua.

Chaja yenyewe usiidharau. Zile za kizamani zenye tofali na waya mnene hufika gramu 300. Chaja ndogo za kisasa za wati 65, zinazotumia galiamu nitridi badala ya silikoni ya kawaida, huwa kati ya gramu 100 na 150. Kubadilisha chaja ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupunguza mzigo, na ningeshauri uifanye hata kama hununui kompyuta mpya leo.

Neno kidogo kuhusu kishikwambi chenye kibodi ya kubandika: kipime kikiwa kamili. iPad Pro ya inchi 13 yenyewe haifiki gramu 600, lakini ukiivalisha kibodi yake ya chuma inapita kilo moja, ukawa umerudi palepale kwenye uzito wa kompyuta mpakato.

Kwa mtu anayetembea na kompyuta kila siku, naona eneo zuri ni kilo 1.1 hadi 1.3. Chini ya kilo moja kuna mashine nzuri, ila hapo ndipo swali la gramu zimetoka wapi linapokuwa kali zaidi.

Hatua ya 3: Tafuta gramu zilikotoka

MacBook Air ya kwanza ilipotoka mwaka 2008 ilikuwa na kilo 1.36, na watu walishangaa. Gramu zake zilitoka mahali pa wazi: haikuwa na sehemu ya kuingizia CD au DVD na ilikuwa na tundu moja tu la USB. Leo LG gram ya inchi 17 ina uzito wa karibu hapo hapo, na skrini yake ni kubwa zaidi. Kilichobadilika ni prosesa (chipu zinazofanya hesabu zote za kompyuta) zisizokula umeme na bodi za aloi ya magnesiamu.

Magnesiamu ina takriban gramu 1.8 kwa kila sentimita ya ujazo, aluminiamu ina 2.7. Kwa ukubwa uleule, theluthi nzima ya uzito inaondoka. Ubaya wake ni kwamba mkononi huhisi kama plastiki na hubonyea kidogo, jambo linalowafanya wengi waidhanie ni mashine ya bei poa. Kubonyea kidogo si kasoro. Kasoro ni kubonyea mahali pabaya, na hapo ndipo mkono wako unapopaswa kufanya kazi:

- Ishike kwa kona moja ya mbele ikiwa wazi, kama unavyoishika ukihama meza. Isikike kimya. Ikilia au padi ya kugusa ikibofya yenyewe, bodi ni laini mno.
- Funga, kisha bonyeza katikati ya mgongo wa mfuniko kwa kiganja, kwa upole. Mfuniko ukizama mpaka unagusa kibodi, basi ndani ya begi lililojaa vitabu skrini itachapwa alama za vitufe, au itapasuka.
- Iweke mapajani utikise goti. Skrini inayoyumba kama jani kwa bawaba dhaifu itakuchosha macho kwenye gari.

Fujitsu imewahi kutoa mashine ya inchi 13.3 yenye gramu 634. Ni kazi ya uhandisi ya kuheshimiwa kweli, lakini ili kufika hapo betri ililazimika kuwa ndogo. Anayekaa karibu na soketi ataipenda. Anayekaa shambani au barabarani kutwa nzima, hapana.

Hatua ya 4: Betri isomwe kwa wati-saa

Hapa ndipo watu wengi wanapoingizwa mjini. Tangazo linasema "saa 18", na hujui saa hizo zilipimwaje. Mara nyingi ni kwa kucheza video iliyohifadhiwa, mwanga wa skrini ukiwa chini, mtandao ukiwa haufanyi kazi. Hakuna anayefanya kazi hivyo.

Tafuta namba ya wati-saa, yaani Wh, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi, kwenye karatasi ya sifa za mashine. Mashine nyepesi nyingi ziko kati ya Wh 45 na 60, baadhi hufika 70 na zaidi. Kisha gawanya kwa wati ambazo kazi yako inakula. Kuandika na kusoma kwenye mashine ya kisasa isiyo na papara hula kama wati 5 hadi 7. Mkutano wa video, ambapo kamera, mtandao, spika na prosesa vyote vinafanya kazi, unaweza kufika wati 12 au zaidi. Kwa hiyo betri ya Wh 54 ni saa 9 za kuandika kwa wati 6, lakini ni saa 4 na nusu tu za mikutano kwa wati 12. Rudi kwenye karatasi yako ya siku ngumu, uone una saa ngapi za kila aina.

Halafu punguza asilimia 20. Betri ya lithiamu huchoka. Baada ya mizunguko mia kadhaa ya chaji inabaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo, na mashine inayomaliza siku kwa shida ikiwa mpya, baada ya mwaka na nusu au miwili haitaimaliza. Mashine nyingi zina mpangilio wa kuzuia chaji isipite asilimia 80 zikiwa mezani. Uwashe siku za ofisini, uuzime usiku wa kuamkia safari.

Kama bado unahitaji pawabenki, nunua inayotoa umeme kwa USB-C kwa wati 45 au 65. Zile za simu za wati 10 hazitaigusa kompyuta. Namba kubwa ya mAh iliyoandikwa juu yake igeuze iwe Wh: zidisha kwa 3.7 kisha gawanya kwa 1,000. Pawabenki ya mAh 20,000 ni Wh 74, na kwa sababu umeme mwingine hupotea kama joto njiani, hesabu kwamba kompyuta itapata 55 hadi 60. Kwenye ndege pawabenki huingia kabini, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Isiyozidi Wh 100 hubebwa bila kuomba ruhusa. Kati ya 100 na 160 inahitaji kibali cha shirika la ndege.

Hatua ya 5: Prosesa na joto

Mashine nyembamba haina pa kupeleka joto. Prosesa ikipata moto inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue, kwa hiyo namba kubwa kwenye stika haina maana kama bodi haiwezi kuipoza. Katika mashine ya kilo moja, prosesa ya daraja la kati mara nyingi hufanya kazi sawa na ya daraja la juu baada ya dakika kumi za kazi nzito. Pesa hiyo ipeleke kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizo wazi hukaa.

Kuna njia tatu kuu. MacBook Air tangu ilipopata chipu ya M1 mwaka 2020 haina feni kabisa: kimya, haivuti vumbi, betri inadumu, ila kwa kazi nzito ya muda mrefu itapunguza mwendo. Mashine za Windows zenye Intel au AMD zinaendesha karibu kila programu iliyowahi kuandikwa kwa Windows, na kizazi cha Intel Core Ultra 200V kimejitahidi sana upande wa betri. Tatu ni Windows kwenye chipu za ARM, aina ya chipu kama zile za simu, hasa Snapdragon X zilizoingia sokoni mwaka 2024. Betri zake ni nzuri, na programu nyingi za zamani hufanya kazi kwa kutafsiriwa ndani kwa ndani. Madereva ya vifaa, yaani programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa, ndiyo hayatafsiriwi. Printa ya zamani, kisomaji cha kadi, kifaa cha maabara au VPN ya ofisini (programu ya kuingilia mtandao wa ofisi kwa usalama ukiwa mbali) vinaweza kukataa kabisa. Ukiwa na kifaa cha namna hiyo kwenye karatasi yako, hakikisha kwanza kuna dereva wa ARM, vinginevyo achana nayo.

Hatua ya 6: RAM na hifadhi

Hapa sina maneno mengi ila nina msisitizo. Kwenye mashine nyingi nyepesi RAM imechomelewa kwenye ubao wa saketi wa ndani, na kwenye baadhi imo ndani ya kifurushi kimoja na prosesa. Hutaiongeza kamwe. Chukua GB 16 kama kiwango cha chini, na GB 32 kama unaandika programu au unafungua lahajedwali kubwa. GB 8 inatosha siku ya kwanza tu.

Hifadhi ya SSD ya GB 512 inawatosha wengi. Katika mashine kadhaa za Windows inaweza kubadilishwa baadaye. Muulize muuzaji au soma mwongozo wa ukarabati wa toleo hilo. Ukilazimika kuchagua kati ya RAM zaidi na hifadhi zaidi, chagua RAM, kwa kuwa faili zinaweza kuhamia kwenye diski ya nje.

Hatua ya 7: Skrini

Anayefanya kazi nje anapambana na jua, kwa hiyo anza na mwangaza kabla ya wingi wa pikseli. Mwangaza hupimwa kwa niti. Niti 300 ni za chumbani. Karibu na dirisha unataka 400, na kibarazani 500 au zaidi. Kioo kisichoakisi husaidia kuliko namba yenyewe: skrini ya niti 400 isiyoakisi mara nyingi husomeka vizuri kuliko ya 500 inayong'aa na kukuonyesha uso wako mwenyewe.

Umbo lina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Skrini ya 16 kwa 10 au 3 kwa 2 ni ndefu kwenda chini kuliko ya 16 kwa 9, na mistari hiyo ya ziada ya maandishi unaihisi kila saa. Inchi 13 hadi 14 ndiyo saizi ya msafiri.

Usilipie 4K kwenye inchi 13. Inakula betri na jicho halioni faida. Pikseli 1,920 kwa 1,200 zinatosha, 2,560 kwa 1,600 ni za raha. Skrini za OLED, ambazo kila pikseli huwaka yenyewe, zina rangi za kupendeza na weusi wa kweli, ila zinakula umeme zaidi pale ukurasa ukiwa mweupe, na hati nyingi za kazi ni kurasa nyeupe.

Hatua ya 8: Kibodi, kwa vidole vyako mwenyewe

Hakuna karatasi ya sifa inayoweza kukueleza kibodi. Safari ya kitufe kwenye mashine nyepesi huwa kama milimita 1 hadi 1.5, na tofauti ya nusu milimita vidole huitambua. Ukiweza kuishika mashine kabla ya kununua, fungua programu ya kuandikia uandike aya mbili tatu kwa kasi yako ya kawaida, si neno moja. Angalia unakosea wapi. Kitufe cha Enter kimebanwa? Vishale vya juu na chini vimegawana nafasi ya kitufe kimoja? Kitufe cha kuzima kimekaa kando ya kile cha kufuta? Bonyeza katikati ya kibodi, penye G na H, uone kama bodi nzima inazama.

Hakikisha pia ina taa chini ya vitufe. Kwenye basi la usiku huwezi kuwasha taa ya kabini kila unapotafuta alama ya mabano.

Kamera ya 1080p na maikrofoni safi ni vizuri kuwa nazo, ila zisikuamulie ununuzi. Kwa mikutano, spika za masikioni zenye waya zinatatua nusu ya tatizo.

Hatua ya 9: Matundu na mtandao

Kiwango changu cha chini ni matundu mawili ya USB-C yanayochaji, ikiwezekana moja kila upande, ili waya ufike soketi popote ilipo. Umbo la USB-C halikuhakikishii kitu: tundu moja linaweza kuchaji na kupeleka picha kwenye projekta, jirani yake likapitisha data tu. Soma alama au karatasi ya sifa. Ukikutana na projekta kila wiki, tundu la HDMI lililojengwa ndani lina thamani kuliko gramu 20 zilizookolewa kwa kuliondoa, kwa sababu adapta husahaulika siku ya uwasilishaji.

Waya nao unahusika. Waya wa kawaida wa USB-C hupitisha hadi wati 60. Kwa zaidi ya hapo unahitaji ulioidhinishwa kwa ampea 5. Kompyuta ikichaji polepole, kagua waya kabla ya kulaumu chaja.

Baadhi ya mashine zina nafasi ya laini ya simu ndani. Ni starehe ya kweli kwa anayehama kutwa, kwani hotspoti humaliza betri ya simu. Kwa wengine si lazima.

Hatua ya 10: Ukinunua iliyotumika

Mashine nyepesi ya daraja la juu iliyotumika miaka mitatu mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei rahisi. Ila usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri uandike:

`powercfg /batteryreport`

Itatengeneza ukurasa wenye uwezo wa betri ilivyotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Gawanya wa sasa kwa wa kiwandani. Ikiwa asilimia 85, vizuri. Ikiwa chini ya 70, ondoa bei ya betri mpya kwenye mazungumzo. Kwenye Mac, taarifa za mfumo zinaonyesha idadi ya mizunguko. Betri za MacBook za kisasa zimeundwa kubaki na asilimia 80 hadi mizunguko 1,000.

Kisha iwashe mwenyewe kutoka mwanzo. Ikiomba akaunti ya mtu mwingine, ikitaja kampuni fulani kwamba ndiyo msimamizi wake, au ikiwa na nywila ya BIOS (programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows) ambayo muuzaji "ataitafuta", ondoka. Kumbuka pia kwamba Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inahitaji TPM 2.0 (kijenzi cha usalama ndani ya mashine) na kwa upande wa Intel kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 au baada yake. Mashine isiyofikia hapo inafaa Linux, mfumo endeshi mwingine wa bure, na inafaa vizuri, ila ujue hivyo kabla hujalipa.

Hatua ya 11: Siku za kwanza ndizo za kupima

Uliza muda wa kurudisha kabla ya kulipa, na usitupe boksi. Siku ya kwanza washa usimbaji wa diski, unaofanya faili zisisomeke bila nywila yako (BitLocker kwenye Windows au FileVault kwenye Mac), kwa sababu kitu chepesi hupotea kirahisi na faili za wateja wako zisipotee nacho. Iache ikamilishe masasisho yote usiku. Mashine mpya hula betri ikijisasisha, na ukiipima saa hizo utapata majibu ya uongo.

Siku inayofuata jaza chaji, toa ile karatasi ya siku ngumu, uiache chaja nyumbani. Fanya kazi zako halisi mahali halisi: mkutano wa video wa saa nzima, maandishi mapajani, kivinjari chenye kurasa zako zote, mwanga wa skrini kiasi unachokitumia kweli. Kila baada ya saa mbili andika asilimia iliyobaki. Gusa chini ya mashine wakati wa mkutano; ikiwa joto linakufanya uiondoe mapajani, halitapungua baadaye. Fanya hivyo siku mbili, kwa sababu ya kwanza utakuwa bado unaichezea. Ikimaliza siku ikiwa na asilimia 20 au zaidi, baki nayo. Ikizima saa tisa alasiri, irudishe muda ukingali upo, uchukue ile iliyokuwa nzito kwa gramu 150 yenye betri kubwa.